Kihispania kwa Msafiri Asiyefika

Chiriku alikuwa ameshakata shauri, na sharti lake lilikuwa dogo sana. Yule kijana akiingia, akamtazama usoni na kusema "tunafahamiana", basi, yameisha. Atamfundisha Kihispania chake, yeye na mchumba wake mpya, atawatakia safari njema na kufunga darasa. Hakudai machozi wala kupigiwa magoti. Alitaka neno moja tu.

"Na asipolisema?" aliuliza Shangazi, aliyekuwa nyuma ya darasa akipanga vikombe vya chai.

"Asipolisema, Shangazi, atakiona cha mtema kuni."

"Hapo sasa umeongea." Shangazi akaacha vikombe. "Ningekuwa wewe, hata nafasi nisingempa. Ningemfundisha matusi matupu. Afike huko kwa watu, adhani anaomba maji, kumbe anamtukana mhudumu mama yake mzazi."

"Nikifanya hivyo nani atakuja tena kusoma kwangu?"

"Basi tusi moja. Dogo."

"Shangazi!"

"Haya, nimenyamaza." Hakunyamaza. Shangazi yule hajapata kunyamaza tangu azaliwe. "Ila ujue viti vile mimi ndiye niliyeviazima. Na mimi ndiye niliyevirudisha, mlango hadi mlango, watu wananiuliza vipi mambo yamekwendaje, nami nachekacheka kama mwehu. Huyo kijana nina lake rohoni."

Viti hivyo vilikuwa viti vya posa. Mwaka juzi, Jumapili moja, nyumba yao ya ghorofa ya nne ilijaa watu tangu asubuhi. Shangazi alikuwa amevaa nguo mpya inayombana. Baba mdogo alikuwa ameikariri hotuba yake hadi watoto wakaijua. Na Chiriku, maskini, alikuwa anacheka tu, kila kinachosemwa anacheka, kwa sababu furaha ikimjaa mtu lazima itokee mahali. Walikuwa wakimsubiri kijana huyo, Fundi, na watu wake. Mchana, kengele ya lifti ililia palepale ghorofani kwao. Chiriku akapiga ukelele, "Wamefika!" akatoka mbio hadi ukumbini penye lifti. Akakuta mlango wa lifti umeshafungwa na taa zake zinahesabu kushuka. Akadhani ni jirani aliyebonyeza vibaya. Akarudi ndani, akaketi, akasubiri. Chakula kilipashwa moto, kikapoa, kikapashwa tena. Simu ya Fundi haikupatikana siku ile, wala kesho yake, wala siku nyingine yoyote. Habari alikuja kuzisikia kwa watu: mama yake Fundi alikataa. Alisema mwanawe haoi mwanamke wa kaunta, anayeshinda anawachekea wageni hotelini, mdomo haufungi.

Jina la Chiriku alipewa na Fundi mwenyewe, wakati wa mapenzi yao, kwa sababu ya maneno yake mengi. Fundi alikuwa mtu wa kimya. Angeweza kukaa naye jioni nzima akimsikiliza, mkono wake mkubwa wenye weusi wa grisi kwenye kucha ukiwa juu ya mkono wa Chiriku, na neno asiseme. Kampuni yake ya lifti ilikuwa na desturi ya kuwapeleka mafundi wake Uhispania kwa mafunzo, na wote wawili walijua zamu yake ingefika. "Sasa mimi huko nitasemaje na watu?" Fundi aliuliza siku moja. Chiriku akamjibu, "Wewe utatengeneza lifti, mimi nitasema. Nitakuwa mdomo wako." Ndipo akaanza kujifunza. Alijifunza kaunta, kwa wageni wa hoteli, kwa kusikiliza, kwa kuuliza, kwa kuchekwa na kujichekea. Fundi alipompa kisogo, Kihispania kilibaki. Hakuwa na pa kukipeleka, akakodi chumba juu ya duka la miwani na kuanza kukifundisha kwa wasafiri.

Na wiki iliyopita simu ikaita. Sauti laini ya mwanamke. "Ningependa kujiandikisha, mimi na mchumba wangu. Kampuni yake inampeleka mafunzo, na mimi namfuata, tutafanya na fungate yetu hukohuko. Yeye ni fundi wa lifti. Mimi ni mfamasia."

"Karibuni sana," Chiriku alisema. Akaweka simu chini. Akakaa sakafuni.

*

Walipanda ngazi wakiongea, au tuseme mwanamke ndiye aliyekuwa akiongea. Mfamasia alitangulia kuingia: mfupi, viatu vya chini, kipini cha nywele kimekaa upande, macho ya mtu asiyepitwa na kitu. Akamshika Chiriku mkono kwa mikono yote miwili, akamwamkia Shangazi shikamoo. Nyuma yake mlango ukajaa Fundi.

Hakubadilika. Hilo ndilo lililomuudhi Chiriku kuliko yote. Alitegemea amkute kitambi kimeota, au nywele zimekimbia, au angalau aibu imemkondesha. Alikuwa yuleyule, mabega yaleyale, na harufu ileile ya sabuni juu ya mafuta ya mashine ilimfikia pale alipokuwa amesimama. Moyo wake, msaliti mkubwa, ukamwenda mbio. Macho yao yakakutana. Ya Fundi yakatoka, yakayumba, yakakimbilia ramani ya dunia ukutani.

"Huyu ndiye mchumba wangu," alisema Mfamasia kwa furaha.

"Karibu," alisema Chiriku. Akampa mkono. Akampa na nafasi yake, kama alivyoahidi. "Uso wako si mgeni kwangu. Tumewahi kuonana?"

Nyuma ya darasa, kijiko cha Shangazi kilisimama kwenye kikombe.

Fundi alimtazama mchumba wake, akatazama mlango.

"Hapana," alisema. "Sidhani."

"Basi nimekufananisha," alisema Chiriku. Akatabasamu tabasamu la kaunta, lile lililomuudhi mama mtu. Akageuka, akachukua kitambaa, akaufuta ubao. Alikuwa ameandika juu yake asubuhi yale maneno ya adabu ambayo kila msafiri huanza nayo. Mengine aliyarudisha: habari za asubuhi, tafadhali, asante. Neno la kuomba radhi hakulirudisha. Mtu aliyeishi bila neno hilo katika lugha aliyozaliwa nayo, la ugenini alitakia nini?

"Somo letu lina sheria moja," alisema. "Baada ya chai navaa kofia. Nikivaa kofia, mimi ni afisa wa uhamiaji na meza hii ni mpaka. Kiswahili marufuku. Atakayekisema anarudi nyuma ya mstari. Na majibu yawe ya kweli. Uongo haukai kichwani, nimeshaona. Mtu akikariri jina la uongo na kazi ya uongo, akifika huko anababaika. Kwa hiyo mtajibu kweli tupu, kwa maneno nitakayowapa."

"Napenda hiyo," alisema Mfamasia.

Fundi alisema, "Sawa," kwa sauti ya mtu anayevaa kiatu kinachombana.

Wakaanza. Mfamasia alishika maneno haraka ajabu. Kazini kwake alizoea majina ya dawa yenye kuvunja ulimi, na Kihispania kikamteremkia tu. *Por favor. Gracias. ¿Dónde está el baño?*, choo kiko wapi. Fundi alihangaika. Kila neno alilitoa kwa jasho. Mawili tu ndiyo yaliyomkaa tangu mwanzo, *no entiendo*, yaani sielewi, na mengine ya kuombea muda, *un momento, por favor*. Hayo aliyakumbatia. Akiulizwa bei, sielewi. Akiulizwa njia, subiri kidogo tafadhali.

"Mchumba wangu huyu," Mfamasia alicheka, akimgonga begani. "Hata nyumbani ni hivyohivyo. Ukimuuliza jambo, subiri kidogo."

"Kumbe," alisema Chiriku.

Walipofika kwenye hoteli, Fundi alichangamka. Chiriku aliandika *ascensor*, akasema hii ni lifti. Inapanda, *sube*. Inashuka, *baja*. Mlango, *puerta*. Fundi aliinua kichwa. "*Sube*," alisema, vizuri kabisa, "*baja*," na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu, lile tabasamu la upande mmoja. Akamtazama Chiriku kama mtoto aliyepata vema. Chiriku alihisi kitu kikimchoma chini ya kifua. Alimpenda mtu huyu. Alimpenda na alikuwa na ghadhabu naye, na vyote viwili vilikuwa vimekaa chumba kimoja bila kugombana.

Akageukia ubao haraka. "Sasa, uwanja wa ndege," alisema. "Haya ni muhimu. *Estoy esperando*. Ninasubiri. Semeni."

"*Estoy esperando*."

"Tena. Msafiri husubiri sana." Akawasemesha hadi Shangazi naye, nyuma kule, akawa anatingisha kichwa. "*¿Llega?* Inafika? Au anafika? *No llegó*. Haikufika. Hakufika. Semeni wote."

Mfamasia alisema. Fundi alitikisa midomo, sauti haikutoka.

"Sikukusikia," alisema Chiriku.

"*No llegó*," alisema Fundi, akitazama magoti yake.

"Safi sana. Hilo utalikumbuka. Na ukitaka kujua sababu: *¿Por qué?* Kwa nini?"

*

Wakati wa chai Fundi aliteremka chini, alidai anapiga simu ya kazini. Mfamasia alibaki na kikombe chake, akauegemea ukuta.

"Mwalimu, nina raha," alisema. "Jumamosi hii wanakuja nyumbani kwetu, yeye na mama yake na wazee. Kaka zangu wamepaka rangi sebule nzima. Tunakaa ghorofa ya sita, wazee wanalalamika, nikawaambia lifti ikiharibika na bwana harusi yupo, shida iko wapi?"

Shangazi alikohoa. Chiriku hakumtazama.

"Mama yake anakupenda?" aliuliza. Hakutaka kuuliza, lilitoka.

"Ananipenda mno. Anasema mimi nimetulia. Eti kuna msichana mmoja zamani, mwenye mdomo, alimng'ang'ania mwanawe. Wakamkwepa." Akapuliza chai. "Mwenyewe nikimuuliza anasema hakuwa mtu wa maana."

Chiriku alikiweka kikombe chake chini taratibu sana, kwa sababu la sivyo angekirusha. Hadi dakika ile alikuwa amepanga kumtoa Fundi jasho kidogo tu, amwone anababaika, kisha amwache aende zake. Hakuwa mtu wa maana! Jioni zote zile. Maneno yote yale aliyoyajifunza kwa ajili ya midomo ya mtu mwingine. Sasa hakutaka jasho. Alitaka kumvua nguo mbele ya huyu anayempenda, kwa maneno machache aliyompa kwa mkono wake mwenyewe, na asiwe na jingine la kujifunikia.

"Lakini Mwalimu," alisema Mfamasia, akiutazama ubao, "mbona hatujafundishwa samahani? Mimi ningeanza na hilo. Ukimkanyaga mtu je?"

"Hilo ni la mwisho," alisema Chiriku. "Wengi hawalihitaji."

Mfamasia alimtazama kidogo zaidi ya ilivyopasa.

*

Kofia ilikuwa ya bluu, kubwa kidogo. Chiriku aliivaa, akaketi nyuma ya meza, akaweka muhuri wa mpira mkononi. Mstari ukapangwa: Fundi mbele, Mfamasia nyuma yake. Shangazi naye akaja na sinia lake, akajipanga wa tatu.

"Shangazi, wewe husafiri."

"Nimechoka kukaa," alisema Shangazi. "Na wewe unasema Kiswahili na kofia kichwani."

Chiriku akamwita wa kwanza kwa kidole. Kuanzia hapo darasa likawa ng'ambo.

Alimuuliza jina, Fundi akataja. Alimuuliza kazi, Fundi akasema *ascensor*, akainua mkono na kuushusha. Ilitosha. Alimuuliza anasafiri na nani, akaelekeza kidole gumba nyuma kwa Mfamasia, na Mfamasia akapunga mkono. Wote wakacheka, hata yeye Fundi, mabega yakamlegea kidogo. Alidhani yamepita.

"Domingo," alisema Chiriku. Jumapili. Siku za wiki walikuwa wamezisoma asubuhi, ziko ubaoni pale. "*Estoy esperando*."

Kicheko kilikatika.

"*No entiendo*," alisema Fundi.

"*Estoy esperando*," alirudia Chiriku, polepole, kama anavyosema na wanafunzi wagumu. Akajigusa kifua. Akaelekeza kwa mkono viti vya darasa, kimoja kimoja, vitupu. Jumapili. Ninasubiri. Wote wale wanasubiri. "*No llegó*. *¿Por qué?*"

"Chiriku, tafadhali—"

"Nyuma ya mstari!" alisema Shangazi, kabla hata ya afisa.

Fundi alibaki amesimama palepale. Jina lile lilikuwa limeshamtoka. Mfamasia hakuwa akitabasamu tena. Alimtazama mchumba wake, akamtazama mwalimu, na unaweza kusema ulimsikia akihesabu. Mwalimu hakuwa amejitambulisha kwa jina hilo. Tangazo la darasa halikuwa na jina hilo.

Mfamasia naye akamwonyesha kwa kidole nyuma ya mstari, kwa upole. Sheria ni sheria.

Fundi akazunguka, akaenda kusimama nyuma ya sinia la vikombe. Mfamasia akasogea mezani. Chiriku akainua muhuri, akauliza jina. Lakini Mfamasia alitikisa kichwa. Akageuka, akamtazama Fundi kwa juu ya bega la Shangazi.

"*¿Por qué?*" alimuuliza. "*Domingo. No llegó. ¿Por qué?*"

Watu huenda ng'ambo wakijua maneno elfu na wasiseme jambo. Yeye alikuwa na machache na aliyatumia yote.

Fundi alifungua mdomo. Kiswahili kilikuwa palepale kwenye ulimi wake, kikamwelemea, na akakirudisha. Huenda ndiyo mara ya kwanza aliona kwamba maelezo yake yote, yale marefu aliyoyatunga na kuyatengeneza tangu mwaka juzi, hayakuwa na mlango wa kutokea. Alibaki na maneno ya lifti.

"*Llegó*," alisema. Alifika.

"*No*," alisema Chiriku.

"*Sí*." Ndiyo. Akajigonga kifua. "*Sube*." Akainua mkono taratibu, juu, juu zaidi. "*Cuatro*." Nne. Akasimamisha mkono hapo, usawa wa macho. Kisha akaleta viganja vyake viwili mbele, vimegusana, akavitenganisha polepole kama milango inavyofunguka. "*Puerta*." Akagusa sikio lake. Akamwelekeza Chiriku, mdomo wake, kisha akajaribu kutengeneza kwa uso wake kicheko, na uso ukamshinda. Viganja vikarudi vikakutana. Mkono ukaanza kushuka. "*Baja*," alisema. "*Baja. Baja.*"

Chiriku hakuona darasa tena. Alikuwa ukumbini, ghorofa ya nne, na nguo yake mpya, akizitazama taa za lifti zikishuka. Kengele ile! Fundi alikuwepo. Alisimama ndani ya lile sanduku, mlango ukafunguka, akamsikia akicheka, akasikia jinsi alivyosubiriwa, kisha akabonyeza chini. Miaka yote hii Chiriku alijiambia labda alizuiwa, labda hakuambiwa, labda gari liliharibika. Hata katika hasira zake alikuwa amemwachia udhuru mmoja mfukoni. Sasa mwenyewe kautoa na kuuchana.

"*¿Por qué?*" alisema tena Mfamasia.

Fundi alielekeza kidole chini, kwenye barabara ya siku ile, kwenye gari la siku ile lililokuwa likimngoja. "*Mamá*," alisema, na neno hilo halikuhitaji mwalimu.

Chini, dukani, mtu alikuwa akijaribu miwani na kuuliza kama inampendeza.

Mfamasia alishusha pumzi. Akavua pete yake ya uchumba, akaigeuza, akaivaa tena, kama anayejaribu kitu kama bado kinamwenea. Kisha akauliza swali lake la mwisho, na akaliuliza kwa kuupitia ubao kwa kidole, neno baada ya neno, asikosee.

"*Sábado*," alisema. Jumamosi. Akainua vidole sita. "*¿Llega?*"

Jibu lilikuwa herufi mbili. *Sí*. Alikuwa nalo, alilisema muda mfupi tu uliopita. Chiriku mwenyewe, pamoja na kisasi chake chote, alijikuta anamngoja aliseme. Fundi alimtazama Mfamasia. Akatazama mlango. Simu ikatetemeka mfukoni mwake na mkono wake ukaenda kuishika, wenyewe, kwa mazoea.

"*Un momento*," alisema. "*Un momento, por favor*."

Mfamasia akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesoma cheti cha daktari na kukielewa. Akageukia meza. Akasimama wima mbele ya afisa.

Chiriku alijua swali lipi linafuata. Lilikuwa kwenye somo, huulizwa kila msafiri. Aliliuliza kwa sauti ya kazi: anasafiri na nani?

"*Sola*," alisema Mfamasia.

Peke yangu.

Muhuri ulishuka, pwaa! Shangazi akaruka na vikombe vyake.

Aliyepita meza ameshavuka, na ng'ambo kule lugha zote ruhusa. Mfamasia akachukua mkoba wake, akamwinamia Chiriku, akamwambia kwa Kiswahili, "Ungeweza kuniambia pale mlangoni."

"Ungeniamini?"

Alifikiri. "Hapana. Ningesema una wivu."

"Nilikuwa nao."

"Najua. Umenitumia kama fimbo, Mwalimu. Sitalisahau hilo." Machozi yalikuwa yamemjaa lakini hayakumwagika. "Ila bora fimbo ya leo kuliko viti vya Jumamosi." Akamuaga Shangazi kwa heshima. Alipompita Fundi aliivua pete, akaitia kwenye kikombe kitupu juu ya sinia, na akateremka ngazi kwa vile viatu vyake vya chini, bila haraka.

Chiriku alingoja utamu wa kisasi. Ulikuja, si uongo. Ulikuja mtamu, ukafuatwa na uchungu nyuma yake, kama dawa ya watoto. Hakujuta.

Shangazi, na sinia lake, alikaa pembeni kumpisha. Sasa mbele ya meza palikuwa na Fundi tu. Alisogea. Mikono mikubwa ilining'inia, haijui ifanye nini. Aliutazama ubao kuanzia juu hadi chini, akitafuta, na Chiriku alijua anachotafuta, na alijua hakipo.

"*¿Cómo se dice...?*" alianza Fundi. Inasemwaje. Hata hilo alikuwa amelishika, maskini. Lakini hakujua alimalizie vipi. Mwishowe akaachana na Kihispania chote.

"Nisamehe," alisema. "Nisamehe, Chiriku."

Lilikuwa neno lenyewe. Ndilo alilolisubiri pale kwenye viti, na kwenye kaunta, na usiku ambao mto wake ulilowa, na leo asubuhi wakati anaufuta ubao. Lilitoka kwa sauti ileile iliyomwita jina hilo zamani, na lilimwingia hadi mifupani. Kama angenyoosha mkono angeigusa grisi ya kucha zile. Alielewa kila herufi.

Akairekebisha kofia kichwani, ikakaa sawa.

"*No entiendo*," alisema.

Kisha akainua macho, akatazama nyuma ya bega lake, na kumwita anayefuata. Na Shangazi, ambaye hakupata kujua neno la Kihispania maishani mwake, akalitua sinia na kupiga hatua mbele.